Rukeni, Ila Msitue Kwangu

"Nani aliyeikanyaga theluji hii?"

Sunniva aliuliza hivyo, kijiji kizima kikisikia.

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, nianzie mwanzo.

Hapo kale, katika nchi ya theluji, palikuwa na kijiji na kilima chake. Juu ya kilima vijana walijenga jukwaa la magogo. Walifunga mbao ndefu miguuni, wakateleza, chwaaa, wakapaa angani, wakatua kule chini, pwaa! Kijiji kikashangilia.

Lakini theluji laini huvunja miguu. Lazima ikanyagwe mpaka ishupae. Na waliokanyaga ni wasichana. Kwacha, kwacha, kwacha, tangu alfajiri. Jua likishapanda, huambiwa: haya pisheni, wenyewe wanaruka.

Wenyewe. Hebu lisikieni neno hilo.

Sunniva alikanyaga kuliko wote, na alitaka kitu kimoja tu: kuruka. Siku ya mashindano akapanda, mbao begani. Mzee Torkel, mkuu wa kilima, akamzuia ngazini.

"Shuka, binti. Mwanamke hawezi kutua. Utaharibu kizazi."

Ndipo Sunniva alipouliza swali lake. Watu wakatazama viatu vyao.

Bibi Gunhild, mkunga wa kijiji, alikuwa akipita na ndoo ya maziwa. Akaitua.

"Torkel, mama yako nilimzalisha mimi. Asubuhi alikuwa juu ya paa anaondoa theluji. Akateleza, akaanguka puu! Jioni ukazaliwa wewe, na baada yako wadogo zako wote. Kizazi gani kiliharibika?"

Watu wakacheka. Torkel hakucheka.

"Bibi, kilima kina sheria zake."

"Kilima kipi, mwanangu? Jukwaa ni lenu. Hapo mnapotua ni malisho ya ng'ombe wangu. Basi rukeni, rukeni mpendavyo. Ila msitue kwangu."

Torkel akatazama juu. Akatazama chini. Katikati palikuwa na hewa tu.

Akapisha.

Chwaaa! Sunniva akapaa angani. Pwaa! Theluji aliyoikanyaga Sunniva kwa miguu yake ikampokea, akasimama wima.

Bibi Gunhild hakuruka hata siku moja. Malisho yale aliwaachia watoto wote wa kijiji. Jukwaa limeoza, likajengwa, likaoza tena, likajengwa. Hadi leo, msichana kwa mvulana, anayetaka kuruka hukanyaga kwanza, kwacha, kwacha, na akishatua husema, "Asante, Bibi."

Anayeandaa pa kutua ana haki ya kuruka. Hadithi yangu nayo imetua hapo.

Nawe uliyenisikiliza, nakuomba: leo kabla hujalala, mtaje kwa jina aliyekukanyagia theluji yako.