Taya za Panya Ishirini

Sogeeni karibu, na mwenye fizi mbovu asione haya, maana kisa hiki kinamhusu yeye kuliko wote.

Katika maabara moja walikuwapo watu watatu. Mwajabu alilisha panya, na katika panya ishirini hakuna aliyemchanganya na mwenzake. Aliwajua kwa sura. Lusajo alipiga picha za eksirei, na mkono wake haukutikisika. Nyamizi alizipima picha hizo, na jicho lake halikupitwa na kitu.

Mkuu wao, Dakta Mbonea, alitaka kujua kama dawa yake ya majani inazuia ugonjwa wa fizi kula mfupa wa taya. Panya wote walifungwa uzi kwenye jino mpaka fizi zikaugua, wakawekwa wawili wawili vizimbani. Kumi wakapewa dawa, kumi maji matupu. Kisha akatangaza, "Mikataba yenu inaisha mwezi huu. Ajira ya kudumu ni moja tu. Kazi hii ikifaulu, nampa aliyeifaulisha."

Tangu siku hiyo Mwajabu hakutulia. Miaka sita ya mikataba mifupi ilikuwa imemchosha.

Panya wakauawa bila maumivu, taya zikapigwa picha. Nyamizi akapima toka shingo ya jino hadi ukingo wa mfupa, kuona mfupa umeliwa kiasi gani. Taya nne zikamgomea: mbili za dawa zilikuwa zimeliwa vibaya, mbili za maji karibu nzima.

"Zitupe hizo nne, zinatuharibia," Dakta akaamuru.

"Dakta, mimi napima, sichagui," akajibu Nyamizi, naye alijua vizuri ni nani anayemwambia hapana.

Lusajo akaingiwa na wasiwasi. Taya ikilala upande kidogo tu, mfupa huonekana umepungua au umezidi kuliko ulivyo. Hakuna aliyemtuma, lakini alirudia picha zote ishirini, siku tatu mfululizo, kila taya akiilaza vilevile. Zile nne hazikubadilika. Basi mashine haikuwa na kosa.

Mwajabu akaja kuchungulia. Kwenye picha moja akaona jino la mbele limevunjika, akalitambua. Huyo alikuwa Kipengo, panya wa maji, naye ameandikwa wa dawa! Akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Angenyamaza, nani angejua?

"Dakta, ni mimi," akasema mwishowe. "Asubuhi ya mwisho nilipoosha vizimba, kadi za vizimba viwili, kimoja cha dawa na kimoja cha maji, nilizichanganya bila kujua. Dawa niliwapa kwa sura zao, hapo sikukosea. Jino la Kipengo na kizimba chake nimeviandika kwenye daftari la kila siku."

Daftari likafunguliwa, ikawa kweli. Kadi zikarudishwa panapostahili, na vipimo vikakaa sawa: dawa inazuia.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Bila picha zangu za pili, mashine ingelaumiwa mpaka leo," akasema Lusajo.

"Na mimi ningezitupa zile nne, mngetafuta nini?" Nyamizi akauliza.

"Mwajabu je? Kavuruga mwenyewe, kafumbua mwenyewe, na tuzo apewe?" akauliza Lusajo.

"Kuteleza si kuanguka, kaka," akamjibu Nyamizi. " Angenyamaza tungekuwa wapi?"

Dakta ameshika kalamu, na fomu ina nafasi ya jina moja. Mwajabu yuko mlangoni. Kuingia hawezi, kuondoka hawezi. Haya, mliosikiliza kimya muda wote huu: kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina la nani?