Ganda la Mgomba Kwenye Mti wa Mtego

Mmeniuliza, wanangu, kwa nini hapa kwetu Taita mtu akitega msituni lazima afunge ganda la mgomba kwenye mti wa karibu, na kwa nini hurudi kukagua alfajiri hata mvua inyeshe vipi. Haikuwa hivyo zamani. Wazee wetu walifukia vyungu ardhini mpaka shingoni ili wanyama wadogo watumbukie, wakachimba na mashimo ya kina cha mtu, wakaenda zao. Walirudi siku walipojisikia. Na ukungu wa huko juu ukishuka, hata mtegaji mwenyewe hakukumbuka alipotega.

Hodari wao alikuwa Mwadime, aliyefiwa na mkewe akabaki na binti mmoja, Mkawasi. Nyama ya panya wa msituni na ya sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, haikukosekana kwake.

Asubuhi moja Mkawasi alipanda mlimani kutafuta kuni. Ukungu ulikuwa mzito hata haoni miguu yake. Akakanyaga majani, akazama ndani ya shimo ambalo baba yake alilichimba na kulisahau. Mguu ukavunjika. Aliita mpaka sauti ikamkauka.

Humo shimoni hakuwa peke yake. Sange watatu walikuwa wamejikunyata pembeni, wameloa, wanatetemeka. Wa nne alishakufa kwa baridi. Mkawasi aliwaokota wale watatu, akawafunika kwa upindo wa nguo yake, akawakumbatia kifuani. Wao wakapata joto, naye akapata wa kusema nao.

Mwadime alizunguka mlima kutwa nzima. Alijua kila mti, lakini shimo lake mwenyewe hakulijua. Jioni ndipo aliposikia kikohozi karibu na miguu yake. Akalala kifudifudi, akachungulia.

"Mwanangu, nisamehe. Nimekutafuta tangu asubuhi."

"Najua, baba. Mimi umenitafuta. Hawa angewatafuta nani?"

Akafunua nguo. Mkawasi alikataa kunyanyuliwa mpaka baba yake alipowapokea sange mmoja mmoja na kuwaachia.

Binti alipona, ila alichechemea maisha yake yote. Baba yake alirudi msituni kufukia mashimo. Mengine aliyatafuta miezi miwili. Vyungu akavibakiza, maana watu lazima wale, lakini kila kimoja alikifungia ganda la mgomba mtini, akatia ndani ya chungu majani makavu ili anayenasa asife kwa baridi, akawa anavipitia kabla jua halijachomoza. Aliyenasa akiwa ananyonyesha, alimwachia. Wenzake walimcheka sana. Halafu wake zao, ambao nao walikuwa na mabinti wa kwenda kuni, wakawaambia: "Kafungeni na nyinyi."

Kuanzia mwaka ule ndivyo tunavyotega huku juu. Ukiteremka kutoka msituni, hakuna anayekuuliza umekamata wangapi. Wanakuuliza, "Hukumwacha mtu huko?"