Mbawa za Kozi Mwekundu

Hapo zamani, na wala si zamani za mbali, palikuwa na mtu mmoja mjini Tabora aitwaye Mihayo, mpiga video za harusi. Kaeni vizuri. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na kila mara watu huondoka wamenuniana, kwa hiyo kama umekuja na mwenzio mnayependana sana, kaeni mbalimbali.

Mihayo alichoka kupiga picha maharusi wanaolishana keki. Akasema, "Nitatengeneza filamu." Filamu ya nini? "Ya shujaa anayeruka." Watu wakacheka, maana mashujaa wanaoruka walikuwa wakitoka nchi za nje, na sisi tulikuwa tunawatazama tu kwenye vibanda vya video. Mihayo hakujali vicheko. Alimtunga shujaa wake, akampa jina la Kozi Mwekundu, kwa kumfananisha na kozi, yule ndege mwindaji. Kozi akikunja ngumi anaota mbawa, na kazi yake ni kumwinda jambazi anayechoma misitu na mizinga ya nyuki. Basi jina likapatikana.

Jina bila sura haliendi popote. Mihayo akamchukua Lutego, muuza vipuri vya baiskeli, kijana mwenye kifua kipana na macho ambayo yakikutazama unajikuta umekaa sawa. Kwenye kamera yalizidi kuwa makali. Sura ikapatikana.

Tatizo la Lutego lilikuwa moja, naye alilificha mpaka siku ya kuzijaribu mbawa za Kozi: aliogopa kupanda juu. Hata ngazi ya kubadilishia balbu ilimtoa jasho.

Mbawa zilishonwa na Nyamizi, fundi cherehani wa pale sokoni. Alitumia turubai jekundu, vyuma vya miamvuli mibovu na mikanda ya mabegi ya shule. Siku ya kuzijaribu alizivaa mwenyewe, akapanda paa la ghala la zamani la tumbaku, akaruka. Akashukia kwenye magunia ya pumba, akainuka, akapangusa gauni, akasema, "Bega la kushoto linabana. Nitalegeza."

Mihayo akamkimbilia. "Dada Nyamizi," akasema, "utanirukia?"

"Nitaruka. Ila siku moja na mimi nionekane uso."

"Utaonekana, dada yangu."

Basi kila Kozi alipokuwa hewani, amewapa watazamaji mgongo, alikuwa Nyamizi. Kila Kozi alipogeuka kutazama kamera, alikuwa Lutego. Mwili ukapatikana, na hakuna aliyejua. Kwenye orodha ya majina mwishoni mwa filamu, Nyamizi aliandikwa kama mshona mavazi tu.

Filamu ile ilipendwa, jamani. Watoto walifunga kanga za mama zao shingoni wakaruka kutoka kwenye vitanda, na wachache wakavunja meno. Lutego akawa hawezi kununua hata nyanya bila kuitwa Kozi. Watu wakaanza kudai: ya pili iko wapi?

Ya pili ikaja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Lutego alimwendea Mihayo akasema, "Kaka, watu wakijua kwamba anayeruka ni mwanamke, mimi nitaficha wapi uso? Safari hii nitaruka mwenyewe." Mihayo akakubali. Kwa nini alikubali? Alimwogopa Lutego, kwa sababu bila sura ile hakuna filamu. Nyamizi akaambiwa ashone tu.

Lutego akapanda paa la ghala, akatazama chini, akashuka kwa ngazi. Siku ya pili akapanda, akatazama chini, akashuka kwa ngazi. Siku ya tatu akaona paa haliwezekani, akaruka kutoka kwenye ukuta wa uani, ukuta ambao mbuzi anaupanda, akaumia goti. Mihayo akamtumia Nyamizi ujumbe: njoo utuokoe. Nyamizi akajibu, "Mwiteni Kozi." Akaendelea kushona sare za shule.

Mihayo afanye nini? Akabadilisha hadithi. Akaandika kwamba Kozi amechoka kuruka. Kwa karibu saa mbili Kozi anakaa kwenye kiti, anazungumza na wakwe zake, anawaza maisha. Mwishoni anapiga goti uani, anavua mbawa, anasema, "Nimechoka. Siruki tena." Filamu inakwisha.

Watu walitoka kabla haijafika nusu. "Kozi gani huyu," wakasema, "anaongea kama mshenga?" Lutego akipita mtaani anachechemea, watu wanapiga goti mbele yake na kucheka. Mihayo alisikia aibu mpaka akawa anakwenda dukani kwa kupitia vichochoro. Akaapa: ya tatu haipo. Akazifungia mbawa kwenye sanduku la bati, ufunguo akautia mfukoni.

Bado alikuwa na jambo moja. Nakala za filamu ile zilikuwa zimesambaa kwenye vibanda vya wilayani, naye alitaka azikusanye zote asizione tena. Akaenda Urambo. Alifika mchana, akakuta kibanda kimejaa hadi nje, watu wamesimama juu ya ndoo. Akadhani wanaangalia mpira. Akapenyeza kichwa. Walikuwa wanaangalia filamu yake.

Mbele, pembeni ya televisheni, alikaa mzee mmoja na maikrofoni. Huyu ni Tungaraza. Kazi yake ilikuwa kuzitafsiri filamu za kigeni: anapunguza sauti ya filamu, anasimulia yeye kwa Kiswahili, anamsemea kila mtu, hata mbwa. Sasa alikuwa ameipunguza sauti ya filamu ya Mihayo, ambayo ni ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na alikuwa anaisimulia upya.

Katika kinywa cha Tungaraza wakwe walikuwa wapelelezi wa jambazi, na Kozi alikuwa anawachimba kwa maswali. Lile goti bovu lilikuwa jeraha la risasi. Watu walikuwa kimya kabisa. Ikafika sehemu ya mwisho, Kozi amepiga goti uani.

"Mnamwona?" Tungaraza akasema taratibu. "Msidhani ameshindwa. Anazungumza na nyuki walionusurika. Anawaambia, jengeni mzinga, na mimi najenga bawa. Nitarudi kabla asali haijajaa."

Mama mmoja aliyekaa mkekani akajibu kwa sauti, "Tutakungoja, baba."

Mihayo akalia pale pale mlangoni, mtu mzima, kwa maneno ambayo hakuyaandika. Na mimi nilikuwa benchi la tatu, nikalia vilevile, kisha nikanunua karanga.

Watu walipotoka Mihayo akamfuata Tungaraza. "Mzee shikamoo. Hii filamu ni yangu. Umeifanya nini?"

"Marahaba. Nimeitafsiri."

"Umeitafsiri kutoka lugha gani? Si ni ya Kiswahili!"

"Kutoka Kiswahili kinachochosha," Tungaraza akasema, "kwenda Kiswahili. Sasa ya tatu unaleta lini? Nimeshawaahidi."

Mihayo akarudi Tabora bila kukusanya hata nakala moja. Huko akakuta habari nyingine: ghala la tumbaku limeuzwa na linabomolewa Jumamosi. Paa jingine refu kiasi kile, lenye ua wa kuweka magunia, hakuna mji mzima. Kama Kozi ataruka tena, ataruka Jumamosi au basi.

Jumamosi asubuhi Mihayo akalibeba sanduku mpaka uani kwa ghala. Alikuwa na jembe pia. Alikusudia kuzifukia mbawa palepale ziliporukia, amalize. Akawakuta wenzake, nao wamesikia habari za ghala, wamemtangulia: Lutego amesimama na fimbo yake, Nyamizi amekalia gunia la pumba, na Tungaraza ameshuka kwenye basi la kwanza. Juu ya paa wabomoaji walikuwa wameanza kung'oa mabati upande wa mbali.

Mihayo akaweka mkono juu ya sanduku. "Kozi ni wangu," akasema. "Kabla sijamtaja hakuwepo. Nilimfanya mkubwa, kisha nikamfanya kichekesho. Nikitengeneza ya tatu ikawa mbaya, hata ile ya kwanza watu wataisahau. Niacheni nimzike akiwa bado ana heshima kidogo."

Wabomoaji wakasikiliza kutoka juu, wakasema, "Ana haki."

Lutego akaweka mkono juu ya sanduku. "Kozi ni wangu. Wewe unapita vichochoroni, kaka, hakuna anayekujua. Mimi uso huu ndio wanaoucheka. Umeniacha nimepiga goti mbele ya watu, na ukimzika leo nitabaki hivyo mpaka nife. Nilikosa, nakiri. Mwache dada aruke, niinuke na mimi."

Wakasema, "Naye ana haki."

Tungaraza akaweka mkono. "Kozi mliyemtengeneza ninyi watatu alikufa. Watu walimkimbia. Huyu anayengojwa huko Urambo nimemfufua mimi kwa mdomo wangu, na mimi ndiye niliyeahidi. Kila siku yule mama ananiuliza, nami namwambia anakuja. Mnataka nimwambie nini?"

"Mzee, hukuniomba ruhusa ya kuahidi," Mihayo akasema.

"Na wewe hukuwaomba radhi waliokuja kuona shujaa ukawapa wakwe."

Juu ya paa wakacheka sana, msimamizi wao akawakemea waendelee na kazi.

Nyamizi alikuwa bado amekaa. Aliinuka wa mwisho, akaweka mkono juu ya sanduku. "Mniulize mimi Kozi ni nani," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa huko juu. Mliponiita nikakataa, na nilijua filamu itaharibika, nikaiacha iharibike. Hilo ni langu. Leo niko tayari kuruka. Lakini nikiruka, nitageuka hewani niitazame kamera, watu waone ni nani. Sitampa Lutego mgongo wangu tena auvalishe uso wake."

Lutego akainamisha kichwa. "Dada, ukigeuka, mimi nakuwa nani?"



Msimamizi wa wabomoaji akashuka kwa ngazi, akapangusa mikono. "Jamani," akasema, "mimi ile ya pili niliiona, nikatoka katikati. Siwadai kitu. Ila saa sita vijana wangu wanafika upande huu, na mimi sisubiri. Mkitaka kuruka, rukeni. Mkitaka kuzika, zikeni. Mimi natoa mabati."

Mihayo akautoa ufunguo mfukoni. Akawatazama wote watatu, akauweka juu ya gunia la pumba.

"Nimechoka kuamua peke yangu," akasema. "Mwenye Kozi auokote."

Mikono minne ilikuwa bado juu ya sanduku. Juu yao bati likang'oka, likaanguka kwa kishindo upande wa pili. Likang'oka jingine. Hakuna aliyenyoosha mkono, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba bila wale wengine watatu ufunguo ule utamfungulia turubai na vyuma vya miamvuli tu.

Mimi najua hadi hapo, na msinitazame hivyo, sina upande. Aliyempa jina anataka azikwe. Aliyempa sura anataka ainuke. Aliyempa mwili anataka aonekane. Aliyempa sauti ameshaahidi, na huko Urambo asali inazidi kujaa.

Saa sita inakaribia. Je, ufunguo ule alistahili kuuokota nani?