Kifo cha King'amuzi cha Liwali

Palikuwa na liwali katika mji wa Mtandawale, jina lake Shekue, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo. Siku ya fainali ya mpira alikaa kupakia programu mpya katika king'amuzi cha televisheni yake. Kazi hiyo huchukua muda wa kuivisha maharage. Liwali alingoja muda wa kuchemsha chai, akachomoa waya wa umeme.

"Mimi hungojwa," akasema, "singoji."

King'amuzi kikabaki na taa moja nyekundu. Hakionyeshi, hakiitiki.

Nanyi mnajua, liwali hakosei. Likiharibika jambo, hutafutwa mkosaji. Akakumbuka kuwa mwaka jana king'amuzi kile kiliguswa na Mishi binti Kombo, fundi wa sokoni, mwanamke mwenye bisibisi mfukoni na ulimi usio na ala. Duka la Mishi likatiwa kufuli, ufunguo ukatumbukia mfukoni mwa kanzu ya liwali, na Mishi mwenyewe akaletwa barazani, wageni wa mpira wamekwisha kujaa kwenye mikeka.

"Binti Kombo, umeniulia king'amuzi."

"Kwa kukigusa mwaka jana, bwana?"

"Sumu nyingine huchelewa."

Wageni wakacheka. Mgeni hucheka anakonusa pilau.

Mishi hakucheka. Duka lile ndilo lililomlisha yeye na mama yake. "Nikikiponya, utanifungulia?"

"Kukiponya ni lazima, tena kabla ya mpira kuanza. Kufuli halitoki. Kuponya hakufuti kuua."

Mishi akakiinamia king'amuzi. Kompyuta ya liwali ilikwisha kuungwa nacho kwa nyaya nyembamba ili kukirudishia programu, na kwenye kioo chake kumeandikwa: HAKUNA MAWASILIANO.

"Nani kaunga nyaya hizi?"

"Mimi mwenyewe. Zina kasoro?"

"Waya wa kompyuta wa kusema umeufunga kwenye wa king'amuzi wa kusema. Wa kusikia, kwenye wa kusikia."

"Ndiyo heshima. Kila mtu na wa daraja lake."

"Basi hapa kuna midomo miwili inafokeana, na masikio mawili yanaviziana."

"Unanifundisha, mwanamke?"

"Hasha! Naomba hukumu. Wadai wawili wakisema kwa pamoja mbele yako, unaamuaje?"

"Mmoja aseme, mwenzake asikilize! Hata mtoto anajua."

"Liwali ameamua," akasema Mishi, akazipishanisha nyaya.

Mara kioo kikajaa herufi zisizosomeka.

"Kimepagawa!" akapiga kelele liwali.

"Hakikupagawa, bwana. Kompyuta inasema mbio, mwenziwe hawahi kushika neno. Wapo watu wa namna hiyo." Akaipunguza kasi kompyuta, herufi zikawa sawa. Akakizima king'amuzi, akakiwasha tena, na programu ikaanza kuingia taratibu.

Liwali akatazama. Akatikisa goti. Akapumua kama mvukuto. Mkono ukaanza kutambaa kuelekea kwenye waya wa umeme. Mishi akauona, akajisogeza, akaukalia ule waya.

"Inuka!"

"Miguu imekufa ganzi, bwana. Ngoja kidogo."

Akangoja. Siku hiyo liwali alingoja, na watu wakimtazama.

Taa ikageuka kijani. Picha ikatokea, mpira umewekwa katikati ya uwanja. Baraza zima likasimama. "Fundi! Fundi kafufua maiti!"

Wivu ukamchoma liwali. Sifa nyumbani mwake, na si zake!

"Kaeni chini! Kafufua nini? Maiti hafufuki kwa vijiwaya. Kilizimia tu, kikazinduka!"

"Kumbe hakikufa, bwana?" Mishi akauliza kwa upole.

"Hakikufa hata kidogo! Naapa mbele ya wageni wangu wote!"

Mishi akainuka kutoka kwenye ule waya, akakinga kiganja.

"Basi nipe ufunguo, Liwali. Au waambie wageni wako nimeua nini."