Wakili Asiyeonekana

Palikuwa na profesa wa sheria ambaye hakuwaona watu wasio na suti. Si kwamba macho yalikuwa mabovu. Mwanafunzi akichungulia daftari la jirani safu ya mwisho kabisa, alimwona. Ila ukisimama mbele yake bila suti nyeusi ya vipande vitatu, kizibao kikiwemo, Profesa Sengondo alitazama dari na kuuliza kwa upole kama kuna mtu ameingia.

Desturi yenyewe hakuibuni yeye. Mahakamani wakili akija amevaa ovyo, jaji humwambia, "Wakili, sikuoni," naye huenda kubadili, yakaisha. Profesa akaichukua adabu hiyo, akaipeleka kwenye mahakama ya mazoezi ya mwaka wa tatu, ambako yeye ndiye jaji na wanafunzi ndio mawakili, kisha akaiongezea makali. Asiyeonekana hasikilizwi. Asiyesikilizwa anapata sifuri. Mwenye sifuri anarudia mwaka. Na hayo yote katika mji wa joto la kuwafanya kuku watembee midomo wazi.

Sasa, bweni la Chausiku Ndaro, binti wa mwaka huo wa tatu, lilikuwa na suti moja. Moja, ya wote, wa kike kwa wa kiume. Mmoja akitoka ukumbini anaivua nyuma ya choo, mwingine anajitumbukiza ndani ingali na jasho la mwenzake. Profesa aliwahi hata kuwasifu kwamba ni vijana wenye msimamo katika mavazi. Siku ya Chausiku, aliyemtangulia alikuwa Mzamilu, kijana aliyejaliwa mwili. Mzamilu akainama kumpa jaji heshima zake, koti likapasuka kutoka kolani hadi kiunoni. Kizibao kikafuata. Habari za suruali tuziache, tuna wageni.

Chausiku akabaki na gauni lake na sweta la kijani la sekondari, mikono imeishia viwikoni. Mama yake alikaanga mihogo stendi ili yeye asome, na alikwisha kuwatangazia wateja wote kwamba binti anamaliza mwaka ujao. Mwaka wa kurudia nyumba ile isingeubeba. Akaingia hivyo hivyo. Kesi ilikuwa ya mtu anayetaka jogoo wa jirani anyamazishwe kwa amri ya mahakama, na Chausiku, wakili wa mwenye jogoo, alikuwa ameiandaa mpaka jogoo mwenyewe angetokwa na machozi.

"Mheshimiwa Jaji," akaanza.

Profesa akatazama dari. "Mahakama inasikia upepo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Chausiku akajitaja jina, akaeleza mkasa wa koti. Profesa akamwomba karani aangalie madirisha, maana upepo unazidi.

"Naona meza, naona kiti kitupu," akasema. "Wakili simwoni. Karani, andika hakutokea."

Chausiku akapanda jukwaani taratibu, hadi kwenye meza ya jaji. Hapo palikuwa na chupa ya chai na sahani ya sambusa za Profesa, za nyama, alizokaangiwa na mkewe asubuhi. Mimi nimekula sambusa za bandari nyingi, na tumbo hili linatoa ushahidi kabla sijaapishwa, lakini hizo, wallahi, zilikuwa zinanukia mpaka safu ya mwisho. Chausiku akachukua moja, akaikamulia ndimu, akala. Akajimiminia chai. Akachukua ya pili. Profesa bado yuko na dari, ila jicho moja limeanza kuteremka lenyewe. Mkono wa Chausiku ukaenda kwa ya tatu.

"Wewe binti, iache hiyo sambusa."

Chausiku akageuka, akatafuta nyuma yake. "Mheshimiwa anasema na nani?"

"Nasema na wewe unayetafuna."

"Kumbe naonekana. Basi nianze na hoja ya kwanza kuhusu jogoo."

Ukumbi ukashika mbavu. Lakini uprofesa hakuuokota njiani yule. Akavua miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Pole pole. Mahakama hii ina macho mawili. Kwa hili namwona mwizi. Kwa hili la pili, wakili bado simwoni."

Wakampigia makofi, hata wenzake Chausiku wa bweni moja, maana hoja nzuri ni hoja nzuri. Chausiku naye akapiga kidogo, kwa mkono usio na sambusa.

"Kwa hiyo mimi hapa ni mshtakiwa," akasema.

"Mshtakiwa mtupu."

"Mshtakiwa naye lazima avae suti?"

"Mshtakiwa hata akija na taulo, anaonekana."

"Na anasikilizwa?"

Hapo Profesa akasita, kwa kuwa wiki iliyopita alikuwa amefundisha jambo hilo saa nzima, akigonga meza. "Anasikilizwa," akasema. "Ila kwa habari ya sambusa tu. Ukimtaja jogoo nakutoa nje."

"Simtaji, Mheshimiwa."

"Haya. Umekula sambusa za mahakama, hukula?"

"Sikula."

Profesa akacheka mpaka kifungo cha kizibao kikamtoka. "Binti, mdomo wako unang'aa mafuta. Mahakama yote imeshuhudia. Kama si wewe, ni nani aliyepanda hapa akala sambusa zangu?"

Chausiku akajifuta mdomo kwa sweta, akainama kwa heshima zote za mahakama.

"Ni yule wakili, Mheshimiwa. Mwite umsikilize."