Aliyemwonyesha Mzee Kapembe

Leo nawaletea kesi, si ngano ya sungura na fisi. Mwenye kusikiliza asikilize mpaka mwisho, maana nikimaliza mimi nanyamaza, na atakayesema ni wewe.

Mzee Kapembe wa Ipuli, mjini Tabora, alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alijaliwa lake. Mayunga, wa kwanza, alijaliwa mgongo. Kazi ambayo wenzake waliikimbia siku ya pili, yeye aliifanya mwaka mzima na usimsikie akilalamika. Luhende, wa katikati, alijaliwa mikono. Alikuwa fundi mwashi, na watu walisema ukuta wa Luhende hauhitaji kupigwa timazi, timazi ndiyo inayopimwa kwake. Nyamizi, kitinda mimba, alijaliwa mdomo. Sisemi umbea. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na akikueleza kitu, unakiona.

Baba yao alifanya kazi miaka thelathini kwenye gari la sinema. Walizunguka Sikonge, Urambo, Kaliua, wakifika kijijini wanatundika shuka jeupe, wanawasha mashine, na kijiji kizima kinakaa chini kutazama. Yeye hakutazama. Alikuwa nyuma ya mashine akibadilisha mikanda, akiunga waya uliokatika, akifukuza mbuzi. Filamu zote alizijua vipande vipande, kama mtu anayesikia ugomvi wa jirani kupitia ukutani. Alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba siku akistaafu atakaa kwenye kiti cha maana, atazame filamu moja toka mwanzo hadi mwisho, na mtu asimwite.

Akastaafu. Mkewe akaugua, akamuuguza miaka minne, akamzika. Alipopata nafasi ya kukaa kwenye hicho kiti, macho yakaanza kuingia giza. Hospitali walimwambia ni presha ya macho: nuru iliyokwisha kupotea hairudi, iliyobaki itapungua polepole, na kwa miaka michache vitu vikubwa ataendelea kuviona.

Vitu vikubwa. Hilo neno ndilo watoto walilolishika. Wakakubaliana, mmoja akiwa Tabora na wawili kwenye simu, kwamba baba atapata televisheni pana kuliko zote walizowahi kuziona, na chumba chake cha kuitazamia, sinema ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mayunga alikuwa Arabuni, mbeba mizigo kwenye ghala. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa ukingoni na begi alishalifunga. Aliposikia habari ya macho ya baba, akalifungua, akatia saini miaka miwili mingine. Baada ya mwaka televisheni ikafika Tabora juu ya lori, inchi sabini na tano, pamoja na spika zake, ndani ya sanduku la mbao refu kuliko mlango wa mbele. Wanaume sita waliishusha, na Mzee Kapembe akapapasa sanduku kutoka pembe hadi pembe.

Luhende alikuwa amechoma tanuri mbili za matofali ya nyumba yake. Alikuwa na mchumba, Mwamini, na baba yake Mwamini alishasema binti yake haolewi kwenye chumba cha kupanga. Luhende akayachukua yale matofali, akamjengea baba chumba ubavuni mwa nyumba. Kuta mbili mbili, dirisha moja dogo juu, rangi nzito ndani, dari isiyorudisha mwangwi. Baba yake Mwamini alisubiri masika, akasubiri na kiangazi. Luhende alikuwa juu ya jukwaa akipiga lipu alipoletewa habari kwamba Mwamini ameposwa na mfanyabiashara wa Nzega. Alimaliza lipu ya siku hiyo. Hakuiacha ikauke vibaya.

Nyamizi alikuwa akifundisha Kasulu, akaja likizo ya wiki mbili siku ileile ya kuwasha. Baba alikalishwa kwenye kiti, majirani wakajaa mlangoni, Luhende akabonyeza. Picha ikatokea pana kama ukuta, farasi wanakimbia kwenye nyika. Baba akauliza, taratibu, "Imewaka?"

Watu wakacheka, wakidhani mzee anatania. Nyamizi hakucheka. Aliona macho ya baba yake yanatazama pembeni kidogo ya picha. Mwaka ule mmoja ulikuwa umeyamaliza. Alichobaki nacho ni kutofautisha mwanga na giza, na kitu kikubwa kikipita, kivuli chake. Mzee alikuwa amewaficha wanawe, kwa sababu sanduku lilikuwa njiani.

Nyamizi akavuta kiti, akaweka mdomo kwenye sikio la baba yake, akaanza. Farasi wangapi, rangi gani, nani yuko juu yao na uso wake ukoje. Filamu ile ilikwisha mzee akiwa amelowa machozi. Wiki mbili zilipokwisha Nyamizi aliomba uhamisho, akanyimwa. Akaomba likizo bila malipo, nayo ikaisha. Mwisho akaandika barua ya kuacha kazi, kazi ambayo mpaka leo hajapata nyingine mfano wake. Kwa mwaka mmoja na miezi minne alikaa kwenye kile kiti cha pili, akisema. Sauti ilikauka, akanywa maji ya tangawizi, akaendelea. Akiruka jambo kwa uchovu, mzee alijua. Alimuuliza, "Mbona umenyamaza na muziki umebadilika? Nani ameingia?"

Mzee Kapembe aliwakataza wanawe wawili jambo moja. Mayunga asiambiwe. "Amebeba mizigo ili mimi nione," alisema. "Mwambieni naona." Wakakubali. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule, Mayunga alipiga simu, na baba akamsimulia filamu ya wiki hiyo, koti la mtu na rangi ya farasi, kwa maneno ya Nyamizi. Mayunga akafurahi.

Ningeishia hapa, hukumu ingekuwa nyepesi. Haiishii hapa.

Siku Mwamini alipoolewa, Luhende aliingia kwenye kile chumba, akazima kila kitu, akafunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Alimwambia dada yake kwamba kila tofali mle ndani ni siku ya maisha yake aliyopewa mtu mwingine. Mwezi mzima hakufungua. Mzee Kapembe hakumgombeza. Kila asubuhi alitoka na kigoda, akakaa nje ya mlango uliofungwa. Nyamizi alimwashia televisheni ndogo ya sebuleni akajaribu kumsimulia, naye akamwambia aache, sebuleni pana jua, pale haoni hata kivuli. Siku Luhende alipofungua hakuomba radhi, na baba hakumdai.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Mkataba wa pili wa Mayunga ulikuwa umebakiza majuma matatu. Alipiga simu ya picha, na Nyamizi akaiunganisha na televisheni, kaka yao akajaa ukuta mzima. Mayunga alikuwa ameiegemeza simu dirishani ili chumba chote kionekane. Vitanda vya chuma vya ghorofa, vinane. Nguo zimetundikwa kwenye nyaya. Wanaume wamelala mchana, wengine wanakohoa. Naye mbele yao, amekonda, mifupa ya shingo imetoka. Ni mtu asiyejua kusema "nimechoka", tangu utotoni hakujua. Alitaka baba aone mwenyewe, aseme yeye.

"Baba, unaniona?" aliuliza.

Mzee akageuza sikio kwa Nyamizi. Nyamizi mwenyewe baadaye alikiri kwamba alivihesabu vitanda kwanza, akaufikiria moyo wa baba yake, ndipo akanong'ona. Alisema kaka amenenepa. Amekaa sebuleni kwake, kuna makochi, kuna pazia za kijani.

"Na hao wanaokohoa?" mzee naye akanong'ona.

"Wageni wake, baba."

Mzee akainua uso kwenye ule mwanga, akasema kwa sauti, "Nimekuona, mwanangu. Mahali pamekukubali. Kaa hukohuko, usirudi kuja kuteseka na sisi."

Mayunga aliamini baba yake ameona vitanda vinane na mifupa yake, kwenye kioo kikubwa alichomnunulia yeye, na bado amemwambia akae. Juma lililofuata alitia saini miaka miwili mingine. Na simu hakupiga tena. Miezi mitano Nyamizi alimpigia hakupokea, Luhende alimwandikia hakujibu, na kila Ijumaa mzee aliagiza simu iwekwe karibu na mkono wake.

Mzee Kapembe alifariki mchana, kitini, filamu ikiwa katikati. Nyamizi aliendelea kumweleza kwa muda kabla hajajua.

Siku chache kabla ya hapo, mzee alikuwa amemwita mdogo wake, Igulu, akampa wosia. Nyumba ni ya wote watatu, wasiiuze. Ila ile televisheni na vyote vilivyofungwa nayo asivitie kwenye urithi. "Apewe aliyenionyesha," alisema. Igulu akamuuliza ni yupi. Mzee akajibu, "Wenyewe wanajua."

Mayunga, aliyepata ujumbe wa msiba, alifika siku ya tatu baada ya maziko. Matanga yalipoanuliwa, wakakaa wanne ndani ya kile chumba, televisheni imezimwa, Baba mdogo Igulu akasema wosia kama alivyopewa.

Mayunga alisema jambo hili halina maneno, kioo ni chake. Pasingekuwa na kioo, baba angeonyeshwa nini?

Luhende alisema baba hakuwa na macho ya kutazama kioo. Kaka yake akamgeukia, hakuelewa. Hapo ndipo Mayunga alipoambiwa, mbele ya baba yake mdogo, kwamba mzee alikuwa haoni tangu siku ya kwanza. Luhende akaendelea palepale bila huruma: macho yale yalishika mwanga ndani ya giza tu, na giza lile alilijenga yeye. Hicho kidogo ambacho baba alikiona kwa macho yake mwenyewe, kivuli kikipita, alikiona humu, hakukiona kwingine.

Nyamizi alisema yeye hana kioo wala tofali. Kila uso baba aliouona ulipita mdomoni mwake.

Mayunga akatazama mikono yake. Kisha akauliza, "Siku ile niliyoonyesha chumba changu, ulimwambia baba nini?"

Nyamizi angeweza kudanganya tena. Hakudanganya. Alisema yote, pazia za kijani na wageni.

"Kwa hiyo hakuniona akaniambia nikae."

"Hakukuona, kaka."

"Mimi nilikuwa nasubiri aniambie njoo," Mayunga alisema. "Neno moja tu. Ningekuja na begi tupu. Ningemkuta hai. Wewe ndiye uliyeninyima baba."

"Na wewe ulimnyima sauti yako miezi mitano," Nyamizi alimjibu. "Mimi ndiye niliyekuwa naweka ile simu karibu na mkono wake. Nikimwambia haijaita, ananiambia niangalie tena."

Luhende akasema waache kulaumiana, maana wote wawili walikuwa na pa kurudi, yeye hakuwa napo, nyumba yake ilishageuka kuta za chumba hiki. Ndipo Mayunga akamuuliza kama ni kweli, kama alivyosikia kwa majirani, alimfungia baba nje mwezi mzima, na Luhende akakubali kwa kichwa.

Igulu alijaribu kuokoa. Alisema wauze, wagawane. Wote watatu wakakataa kwa pamoja, na lilikuwa jambo la pekee walilokubaliana siku hiyo. Hakuna aliyetaka kile kioo. Kila mmoja alitaka kuitwa yule aliyemwonyesha baba, na kila mmoja alitaka wale wengine wawili wasiitwe. Igulu akasema basi televisheni ibaki hapohapo iwe ya wote. Wakamjibu kwamba mzee alisema "aliyenionyesha", hakusema "walionionyesha", na neno la marehemu halipindwi. Igulu akawaomba siku saba afikirie, wakatoka kila mmoja na njia yake. Nyamizi amehamia kwa rafiki yake. Mayunga analala sebuleni, ndugu yake akiingia yeye anatoka.

Igulu amekuja kwangu na nimeshindwa kumsaidia. Amekwenda kwa jirani wa kulia, kwa wa kushoto, na kwa shemeji yake Urambo, na kila aliyemuuliza amemtaja mtu tofauti. Kesho ndiyo siku ya saba, na atarudi kwenye kile chumba akiwa na jina moja.

Nimenyamaza. Sasa ni zamu yako. Yupo aliyetoa mgongo wake, halafu akamnyima baba sauti. Yupo aliyetoa nyumba yake na mchumba, halafu akafunga mlango. Yupo aliyetoa kazi yake na koo lake, halafu akasema pazia za kijani. Mzee amesema wenyewe wanajua, na wenyewe ndio hao hawasalimiani. Ungekuwa wewe Igulu, watoto watatu wa ndugu yako wanakutazama mdomoni, ungemtaja nani? Na hao wawili utakaowaacha, ungewaambia nini?