Kwa Nini Mbwa wa Milimani Haji Akiitwa

Hapo kale, mbwa wa milima ya Cherangani alikuwa mbwa wa jikoni. Alilala karibu na moto, akanenepa kwa maziwa, na malishoni alimganda bwana wake kama kupe. Ukungu ukishuka, yeye ndiye aliyetangulia kufika nyumbani. Kondoo walijijua wenyewe.

Alikuwako mjane aitwaye Cheposait, aliyebakiwa na kondoo wachache baada ya chui kuwamaliza wengine. Hao nao wakiisha, wanawe wangekwenda kuchunga mifugo ya watu, na jambo hilo lilimnyima usingizi. Katika masika yale mbwa wake jike akafa, akaacha kitoto kimoja, macho bado hayajafunguka. Kondoo mmoja mzee naye akafiwa na mwanawe kwa baridi.

Sasa, wafugaji wa huku wana ujanja wao. Kondoo aliyefiwa huletewa yatima aliyefunikwa ngozi ya marehemu, akiinusa, humkubali. Lakini kumfunika mtoto wa mbwa? Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Cheposait hakuwajali, kwa kuwa maziwa ya kumpa hakuwa nayo. Kondoo akanusa, akasita, akanusa tena, kisha akasimama kunyonyesha.

Mbwa huyo, Sirwa, akakulia zizini. Cheposait alimpenda mno.

Siku moja ukungu uliwakuta malishoni, na ndani yake chui akanguruma.

"Sirwa, njoo, mwanangu," Cheposait akaita.

Hakuja. Aliita mpaka sauti ikamkauka, akaketi kwenye majani akalia, akijua amepoteza vyote.

Ukungu ulipoinuka aliwaona kondoo wote wamesongamana mwambani, na mbele yao Sirwa, sikio limechanika. Chui alikuwa ameondoka. Cheposait akakimbia kumkumbatia. Sirwa akamnusa mkono kwa adabu, akamwacha, akaenda kulala ubavuni mwa kondoo mzee. Mjane alifurahi, na wivu ukamshika. Nani usingemshika?

"Mwacheni," akawaambia wanawe. "Yuko kwa mama yake."

Na tangu siku hiyo mbwa wa huku hulelewa na kondoo, na akiitwa haji. Ndiyo maana ni wachache: si kila mtu hutaka mbwa asiyemtaka. Basi, wageni wangu, acheni miluzi. Mkimpenda, nendeni mkaketi katikati ya kondoo. Atakuja kuwachunga na ninyi.